Tumshukuru kwa Lipi?

(Hotuba iliyotolewa katika ibada ya shukrani, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani. Msemaji alisoma katika shule hii, kisha Chuo Kikuu, na sasa ni mtumishi wa Serikali. — Mhariri)



Kwanza kabisa natoa shukrani kwa kamati ya maandalizi kwa kunipa nafasi hii. Barua yao iliniomba niseme machache juu ya shukrani ya Mkristo wakati wa ugonjwa na shida za nyumbani. Nadhani walinichagua si kwa sababu ya elimu ya dini, maana sina, bali kwa sababu wanaijua nyumba yangu. Wengi wenu mlikuja kutupa pole mwaka 2009. Wengine mmekutana nami mara nyingi pale Bugando, kikapu cha chakula mkononi.

Neno lenyewe ni la Mtume Paulo. Aliwaandikia Wathesalonike akiwataka wawe watu wa kushukuru katika hali zote. Ni vizuri kukumbuka kwamba hakuwaandikia watu wenye raha. Lilikuwa kanisa changa, lenye kuteswa na majirani zake, na Paulo mwenyewe alikuwa amefika kwao akitoka Filipi, mahali alipopigwa na kutiwa gerezani. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba maneno yake ni ya mtu ambaye hakuonja shida.

Hata hivyo maneno hayo ni magumu. Mimi na mke wangu tulipata binti yetu wa kwanza mwaka 2007. Alipofikisha miezi minane, vidole vyake vya mikono na miguu vilianza kuvimba. Baadaye macho yakawa ya njano, akapauka, na homa zikawa haziishi. Alifariki mwaka 2009, kabla hajatimiza miaka miwili, nasi tukamzika bila kulijua jina la ugonjwa uliomchukua. Siku ya tatu ya msiba, mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema kabisa, alimwambia mke wangu kwamba yampasa kumshukuru Mungu. Mke wangu alimtazama, akauliza kwa sauti ya chini: "Tumshukuru kwa lipi, Baba?" Hakuna aliyejibu. Watu waliendelea kunywa chai yao kimya.

Swali hilo ndilo nililolileta hapa leo. Sitaki kulijibu upesi, kwa sababu majibu ya upesi yanamwumiza aliyefiwa. Lakini naamini lina jibu.

Mwaka 2011 tulipata mtoto wa kiume. Alipokaribia mwaka mmoja tuliona vidole vyake navyo vinavimba. Safari hii tulikuwa ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, nilikohamishiwa kikazi, tukavuka kwa pantoni kutoka Busisi hadi Kigongo, tukapita hapa Usagara, tukampeleka Bugando, hospitali ile iliyojengwa na Kanisa Katoliki juu ya kilima na kufunguliwa mwaka 1971. Huko walipima damu yake kwa kipimo maalumu, kisha wakapima na yetu. Tukaambiwa mtoto ana selimundu.

Vijana, neno hilo limetokana na seli na mundu. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za duara, laini, nazo hupita kwa urahisi hata katika mishipa myembamba kabisa. Za mgonjwa wa selimundu hujikunja kama mundu wa kuvunia mpunga, zikawa ngumu, zikakwama. Zinapokwama, kiungo hukosa hewa, na maumivu yake ni makali mno. Tena hufa mapema, ndipo mgonjwa akapungukiwa damu. Daktari wa kwanza kuandika habari za chembe hizo katika vitabu vya tiba alikuwa James Herrick wa Chicago, mwaka 1910, baada ya kuziona katika damu ya mwanafunzi aliyetoka kisiwa cha Grenada. Lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa umekaa kwetu miaka mingi sana kabla ya hapo. Inakadiriwa kwamba katika Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na Kanda yetu hii ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi zaidi.

Kwa nini Kanda ya Ziwa? Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana jambo hili lilisaidia sana nyumba yangu. Yuko mtaalamu aliyeitwa Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Alipima damu za watu wa makabila mengi ya Afrika ya Mashariki, akaona kwamba alama ya selimundu ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, lakini ni chache katika nchi za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alitangaza sababu yake: mtu aliyerithi alama hiyo kwa mzazi mmoja tu haugui selimundu, tena ana kinga dhidi ya malaria kali. Penye mbu wengi, watoto wenye alama moja walipona wakati wenzao walikufa. Ndiyo maana alama ikabaki, ikaenea. Shida huja pale baba mwenye alama moja anapokutana na mama mwenye alama moja.

Kwa hiyo kile kilichomwua binti yangu, kwa namna nyingine kiliwalinda babu zetu waliolima na kuvua kando ya ziwa hili. Si laana, wala si uchawi wa jirani.

Nasema hivyo kwa sababu shida ya nyumbani haikuwa ugonjwa peke yake. Palikuwa na maneno. Wapo ndugu waliosema mke wangu ana damu mbaya, kwa kuwa watoto wangu wanaugua na wa kaka yangu hawaugui. Palikuwa na shauri la mganga, halafu likaja shauri la mke wa pili. Mwaka 2013 baba yangu aliita kikao cha ukoo nyumbani. Nilikwenda na maharage meupe na mekundu, nikayaweka juu ya ungo mbele ya wazee. Nikawaambia: mimi nina harage moja jeupe na moja jekundu; mke wangu naye vivyo hivyo. Mtoto huchukua moja kwangu na moja kwake. Anaweza kupata meupe mawili, akawa mzima kabisa. Anaweza kupata jeupe na jekundu, kwa njia mbili, akawa kama sisi. Na anaweza kupata mekundu mawili, akaugua. Ni fungu moja kati ya manne, na kila mimba kura inapigwa upya. Baba yangu aliyageuza maharage yale kwa kidole muda mrefu, kisha akasema: "Basi hili jekundu la kwako limetoka kwangu au kwa mama yako." Kikao kikaisha hapo. Mganga hakutajwa tena, wala mke wa pili.

Ndugu zangu, mkiniuliza tulimshukuru Mungu kwa lipi, nitaanzia hapo. Tulimshukuru kwa ukweli. Shukrani ya Mkristo haiwezi kusimama juu ya uongo. Mtu anayeamini kwamba jirani yake amemroga hawezi kushukuru; atashinda akitafuta wa kumlaumu.

Sasa niseme mambo matatu niliyojifunza.

La kwanza, kushukuru katika shida si kushukuru kwa ajili ya shida. Sijamshukuru Mungu hata siku moja kwa sababu binti yangu alikufa, wala sidhani anataka nifanye hivyo. Bwana Yesu alipofika kaburini kwa Lazaro hakutoa hotuba, alilia. Ayubu alimsujudia Mungu siku alipopoteza watoto, lakini baadaye alisema maneno makali sana juu ya siku aliyozaliwa, na Mungu hakumhesabia kuwa mwongo. Sisi tuliokuwa wanafunzi mwaka 1996 tunakumbuka tarehe 21 Mei, meli ya MV Bukoba ilipozama ikiwa karibu kufika Mwanza. Walikufa watu mamia kwa mamia, na wengi wao walizikwa Igoma. Walikuwako miongoni mwetu waliofiwa. Wakati ule hakuna mwalimu aliyetuambia tusilie. Walituacha tulie, halafu wakatupikia uji. Nawashukuru walimu wale. Machozi hayapingani na shukrani, na mtu anayemnyima mwenzake ruhusa ya kulia humnyima pia nafasi ya kushukuru kwa kweli.

La pili, shukrani si hongo. Sisi watumishi wa Serikali tunajua hongo ni nini: unatoa kitu ili upate kitu. Siku hizi naona ibada nyingi za shukrani zimekuwa hivyo. Anayekuja na bahasha ni yule aliyepata cheo, aliyejenga nyumba, ambaye mtoto wake amefaulu. Ni vizuri, namsifu. Lakini yule ambaye bado mtoto wake yuko wodini huona haya kusogea mbele, kana kwamba Mungu hajamtendea lolote. Na wapo wanaomwambia kwamba akishukuru kwa bidii mtoto atapona. Ndugu zangu, shukrani haikushusha homa ya mwanangu. Zilizomsaidia ni dawa, maji na damu, na mikono ya watu walioitwa usiku wakaja. Mungu hutumia hizo. Mwaka 2019 ulitangazwa utafiti uliofanywa katika Afrika, pamoja na Kilifi kule Kenya na Mbale kule Uganda, ulioonyesha kwamba dawa ya haidroksiyurea hupunguza maumivu ya watoto wa selimundu, hupunguza haja ya kuongezewa damu, hata na vifo. Mwanangu aliianza mwaka uliofuata. Kabla ya hapo alikuwa akilazwa mara tano, mara sita kwa mwaka. Tangu wakati huo ni mara moja, na mwaka mmoja hakulazwa kabisa. Amwombeaye mtoto wake na kumnyima dawa, huyo hajamwelewa Mungu anayemwomba.

Katika wodi ile ya watoto nilimwona mama mmoja kutoka Ukerewe. Mtoto wake alikuwa mgonjwa kuliko wetu, na mumewe alikuwa ameacha kuja. Kila asubuhi mama yule alikwenda kuchemsha maji, akayagawa kwa akina mama waliokuwa wamekesha. Mke wangu alimwuliza anapata wapi nguvu. Akajibu: "Namshukuru Mungu siko peke yangu humu." Hakusema mtoto atapona. Hakusema yote ni mema. Alitaja jambo moja la kweli aliloliona siku ile, akalishukuria, akachukua birika. Tangu siku ile mke wangu na mimi tulianza kufanya hivyo kila usiku kabla ya kulala: kila mmoja ataje jambo moja la kweli. Ziko siku tulitaja kwamba mtoto amekunywa uji. Ziko siku tulitaja tu kwamba mmoja wetu alipata kusinzia. Mwaka ule tulipouza kiwanja chetu, na mwaka 2016 mama yangu alipopata kiharusi mke wangu akaomba likizo bila malipo ili awauguze wawili, mambo yenyewe yalikuwa madogo sana. Lakini hatukukosa hata moja, na hatukugombana kama ambavyo tungegombana. Nabii Habakuki alisema kwamba hata shamba lisipotoa chakula na zizi likabaki tupu, bado atamfurahia Mungu. Alihesabu kwanza vyote vilivyokosekana, kimoja kimoja. Hakujifanya kwamba zizi limejaa.

La tatu, shukrani hurudi. Mnakumbuka wale wakoma kumi katika Injili ya Luka: wote walitakaswa, mmoja tu akarudi, naye alikuwa Msamaria, mgeni. Wahenga wetu wanasema shukrani ya punda ni mateke. Mwanangu ameongezewa damu mara kumi na moja. Damu hiyo haitengenezwi kiwandani; kila chupa ilitoka katika mkono wa mtu. Mmoja wao namjua: jirani yetu Mwislamu, ambaye mwezi wa Ramadhani alikuja hospitali usiku baada ya kufuturu, akatoa, akarudi kula daku nyumbani kwake. Wengine siwajui. Inawezekana ni askari, inawezekana ni mwanafunzi. Nitamshukuruje mtu nisiyemjua jina? Nimeona njia moja tu, nayo ni kutoa yangu kwa mtu nisiyemjua. Mwanamume mwenye afya, mwenye umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, anaweza kutoa damu kila baada ya miezi mitatu. Mwanamke kila baada ya miezi minne. Tangu mwaka 2014 sijaacha zamu yangu.

Vijana wa shule hii, sasa nasema nanyi. Wengine ni wa UKWATA, wengine ni wa TYCS, wengine ni Waislamu, na haya yanawahusu nyote.

Bila shaka yumo darasani mwenu mwenzenu mwenye selimundu. Huenda mnamwona hakimbii mchakamchaka, anakosa vipindi, macho yake yana umanjano, ni mfupi kuliko rika lake. Msimwite mvivu, wala msimpe jina la utani. Mwachieni anywe maji mara kwa mara, na asizuiwe kwenda haja. Asubuhi za baridi avae sweta. Asipewe kazi za mikono zinazomzidi juani. Na akipata homa au maumivu ya kifua, msingoje asubuhi. Mwambieni mwalimu wa zamu saa ile ile, kwani kwake homa ni jambo la dharura. Walimu wangu, nawaomba nanyi mliweke hili katika kumbukumbu za shule, ili mwalimu mgeni asije akamwadhibu mtoto kwa kosa la kuumwa.

Kabla hamjaoa, pimeni damu. Sisemi watu wenye alama wasipendane. Nasema wajue, ili wajipange, na mtoto apimwe mapema angali mchanga, apewe kinga na dawa kabla vidole havijavimba. Sisi hatukuwa na nafasi hiyo mwaka 2007. Ninyi mnayo.

Na wale wa kidato cha sita mliotimiza miaka 18, watu wa Damu Salama watakapokuja, msijifiche bwenini.

Ndugu Mwenyekiti, tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, lilifunguliwa rasmi. Waliowahi kusubiri pantoni wakiwa na mgonjwa mikononi wanajua maana yake. Na tarehe hiyo hiyo ya 19 Juni ndiyo ambayo kila mwaka dunia huadhimisha Siku ya Selimundu. Sidhani waliopanga sherehe walikuwa na habari hiyo. Lakini wiki iliyofuata tulivuka, sisi wanne: mke wangu, binti yetu mdogo ambaye ana alama moja na ni mzima, mwanangu ambaye sasa ana miaka 14, na mimi. Kijana alikuwa akihesabu nguzo. Mke wangu alinyamaza mpaka tulipofika upande wa pili, kisha akataja jina la binti yetu wa kwanza. Hatukusema zaidi. Usiku ule zamu yake ya kutaja jambo la kweli ilipofika, alisema: "Tulikuwa naye miezi ishirini na miwili." Hilo nalo tulilishukuria.

Mkinitaka niseme kwa ufupi, jibu la swali la mke wangu ni hili. Hatumshukuru Mungu kwa kifo, wala kwa maumivu ya mtoto. Tunamshukuru kwa kila aliyemtuma kwetu ndani ya maumivu hayo, tunawataja mmoja mmoja, na tunakwenda kuwa hao kwa wengine. Mwanangu bado ni mgonjwa. Wiki ijayo tuna kliniki. Sijui mwaka ujao utaleta nini. Lakini najua tutakachofanya jioni ya leo kabla ya kulala, na miongoni mwa nitakayoyataja ni kwamba mlikaa kimya mkanisikiliza.